Maswali ya Wasomaji: Printa imekubali, skana imegoma

SWALI: Ndugu Mhariri, ofisini kwetu tuna kompyuta nne zinazotumia Linux, na skana moja iliyochomekwa kwa waya wa USB kwenye kompyuta ya mhasibu. Printa tuliishirikisha kwa dakika chache tu: tuliweka alama kwenye kisanduku kimoja katika mipangilio, na kompyuta nyingine zikaiona. Skana imetushinda kwa siku mbili sasa, kwani kila tukijaribu kuskani kutoka kompyuta nyingine tunajibiwa kwamba hakuna skana iliyopatikana. Je, jambo hili haliwezekani, au ni sisi tusiojua?

JIBU: Ndugu msomaji, linawezekana, tena limewezekana kwa miaka mingi, na kushindwa kwenu si kosa lenu. Mitambo yote inayohitajika imo ndani ya kompyuta zenu, ila hakuna aliyewawekea mahali pa kuibonyeza.

Karibu kazi yote ya kuskani katika Linux hupitia mradi uitwao SANE, ambao tangu mwanzo uligawa kazi sehemu mbili: sehemu inayozungumza na kifaa, na sehemu anayoiona mtumiaji. Mgawanyo huo ndio uliorahisisha matumizi ya skana kupitia mtandao. Kompyuta yenye skana huendesha programu ndogo iitwayo saned, nazo kompyuta nyingine hutumia kipande kiitwacho net, ambacho huifanya skana iliyo chumba cha pili ionekane kana kwamba imechomekwa hapo hapo. Kwa hiyo programu kama Simple Scan haihitaji hata kujua kwamba kifaa kiko mbali. Mimi huuona usanifu huu kuwa mzuri mno, na ndiyo maana hunisikitisha kuona watu wakikata tamaa kabla ya kuufikia.

Anzeni kwenye kompyuta ya mhasibu. Hakikisheni saned imewekwa (katika Debian na Ubuntu imo ndani ya kifurushi cha sane-utils), kisha fungueni faili la /etc/sane.d/saned.conf na muandike anwani za mtandao wenu wa ndani, kwa mfano 192.168.1.0/24 ikiwa ndizo mnazotumia. Baada ya hapo washeni saned.socket kwa amri ya systemctl. Kwenye kila kompyuta nyingine, andikeni anwani ya kompyuta ya mhasibu katika /etc/sane.d/net.conf, na muangalie kwamba neno net halijafungwa kwa alama ya reli (#) katika faili la dll.conf. Ikiwa kuna faiawoli (programu inayozuia mawasiliano ya mtandao yasiyoruhusiwa), ifungulieni njia poti 6566 ya TCP, yaani mlango ambao saned husikilizia. Na kwa kuwa picha yenyewe husafiri kwa poti nyingine inayochaguliwa wakati huo huo, wekeni mipaka ya poti hizo kwa kutumia data_portrange katika saned.conf, kisha mruhusu nazo. Wengi husahau hatua hii ya mwisho, wakabaki na skana inayoonekana lakini isiyoleta picha.

Kuna kikwazo kimoja ambacho nadhani ndicho kilichowapotezea siku mbili. Programu ya saned haifanyi kazi kwa jina la mhasibu bali kwa jina lake yenyewe, na huenda jina hilo halina ruhusa ya kukigusa kifaa. Kwenye kompyuta ya mhasibu toeni amri ya scanimage -L, kisha sudo -u saned scanimage -L. Ikiwa ya kwanza inaitaja skana na ya pili haiitaji, mwingizeni mtumiaji saned katika kundi lenye ruhusa ya kifaa hicho, ambalo kwa kawaida huitwa scanner au lp, kisha mjaribu upya. Zingatieni pia kwamba saned haifichi data inayopita njiani, hivyo iwe ndani ya mtandao mnaouamini tu na kamwe isifunguliwe kuelekea intaneti.

Mmeuliza kwa nini printa ilikuwa rahisi. Sehemu ya sababu imo katika kazi yenyewe: hati ya kuchapwa hutumwa, ikasubiri kwenye foleni, na aliyeituma akaenda zake, ilhali kuskani ni mazungumzo ya moja kwa moja kati ya mtu na kifaa, kuhusu rangi, ukubwa wa ukurasa na ubora wa picha, huku karatasi ikiwa juu ya kioo. Lakini sababu hiyo haitoshi. Hatua zote nilizozieleza zingeweza kufanywa na swichi moja yenye maneno “Shirikisha skana hii”, ambayo ingeandika anwani, ingetoa ruhusa, ingefungua poti na kuitangaza skana kwenye mtandao. Tena sentensi ile ile ya “hakuna skana iliyopatikana” hutolewa kifaa kikiwa kimezimwa, ruhusa ikikosekana, faiawoli ikizuia, au anwani ikiwa imekosewa. Hayo ni matatizo manne yenye tiba nne tofauti, na mtumiaji anastahili kuambiwa ni lipi lililompata.

SWALI: Skana yetu ina Wi-Fi yake yenyewe. Je, nayo inahitaji mafaili hayo yote?

JIBU: Mara nyingi haihitaji. Skana nyingi za siku hizi huelewa itifaki ya eSCL, yaani lugha ya pamoja ya kuskani kupitia mtandao, na kifurushi cha sane-airscan huzungumza nazo bila dereva ya mtengenezaji. Kompyuta na skana ziwe kwenye mtandao mmoja, na faiawoli isizuie poti 5353 ya UDP, ambayo vifaa huitumia kujitangaza. Ikiwa bado haionekani, chunguzeni kama mmojawenu yuko kwenye Wi-Fi ya wageni, kwani mitandao ya namna hiyo huwa inatenganisha vifaa makusudi.

SWALI: Mimi si mtunzi wa programu. Ninaweza kusaidia vipi ili mifumo huria iwe rahisi kwa watu wa kawaida?

JIBU: Mwaka 2001 kampuni ya Sun Microsystems iliwaketisha watu mbele ya GNOME, mojawapo ya maeneo-kazi (madirisha na menyu) yanayotumika katika Linux, ikawapa kazi za kufanya na kuwatazama walipokwama. GNOME 2.0, iliyotoka Juni 2002, ilikuwa sahili kuliko iliyotangulia, na mradi huo ukajiwekea mwongozo wa usanifu ambao watunzi wake huufuata. Nawe unaweza kufanya kazi ya namna hiyo kwa kiwango kidogo. Mwombe mtu ambaye hajawahi kutumia Linux askani ukurasa mmoja, kisha ukae kimya kando yake, uandike neno kwa neno alichokisoma kwenye skrini, alichodhani kina maana gani, na alipobonyeza baadaye. Maandishi hayo yapelekee wanaoitunza programu husika, ukitaja toleo lake na aina ya skana. Mtunzi aliyeizoea kazi yake hawezi tena kuiona kwa macho ya mgeni, na taarifa ya aina hiyo humwonyesha hasa ni neno lipi la kubadilisha.