Kwenda Mida kwa kayaki: angalia maji kabla ya kuangalia kalenda

Watu wanaotaka kwenda Mida kutazama ndege kwa kayaki huniuliza kwanza bei, kisha huniuliza kama kuna mamba. Nitayajibu yote mawili. Lakini swali ambalo lingewafaa zaidi, na ambalo karibu hakuna anayeliuliza, ni hili: siku hiyo maji yanajaa saa ngapi?

Kwa asiyepajua, Mida ni mkono wa bahari ulioingia bara nyuma ya mji wa Watamu, Kaunti ya Kilifi, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni sehemu ya eneo la bahari la Watamu lililowekwa chini ya hifadhi tangu 1968. Hakuna mto unaomwaga humo. Maji matamu huchuruzika chini kwa chini kutoka ardhini, na bahari huingia kwa mlango mwembamba, ikajaa, ikapwa, ikajaa tena. Wakati wa bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa na kupwa kuliko kawaida, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hupita mita tatu. Pale ulipopita na kayaki asubuhi, saa chache baadaye mtu anatembea kwa miguu akitafuta chambo. Hakuna mwongozaji, hata awe hodari namna gani, anayeweza kukuonyesha Mida nzuri ikiwa mmekwenda saa mbaya.

Mahesabu yenyewe si magumu, na wavuvi wetu wanayafanya bila kuangalia simu. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiandama, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na tena karibu saa kumi jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika hamsini. Baada ya wiki moja maji ni mafu, yaani hayajai sana wala hayapwi sana, na kujaa kumesogea hadi karibu saa nne asubuhi. Hapo utaona kwa nini mimi napenda siku ya tano au ya sita baada ya mwezi mpevu: maji yanajaa kati ya saa mbili na saa tatu asubuhi, au kupita kidogo, upepo bado haujaamka, jua halijawa kali, na mkondo umeshapoa ikilinganishwa na siku za bamvua. Unaingia majini alfajiri kunapopambazuka, maji yakipanda, yanakusukuma ndani taratibu. Ukichelewa siku zaidi ya hizo, hadi maji mafu kabisa, vijito vidogo katikati ya mikoko havipati kina cha kutosha na mtabaki kuzunguka kwenye njia kuu tu.

Kwa nini maji yanayopanda? Maji yakiwa yamepwa kabisa, ndege wametawanyika kwenye uwanda wa matope mpana, na kayaki haiwezi kuwafuata. Yakiwa yamejaa kabisa, wengi wamekwenda kupumzika. Ni katika ule muda wa katikati, bahari inapomeza matope kidogo kidogo, ndipo ndege wanasogezwa kuelekea ulipo wewe, wakila haraka kabla meza haijaondolewa. Huna haja ya kuwafuata. Kaa kando ya mkoko, shika tawi moja kayaki isipepesuke, subiri.

Sasa hao ndege. Kuanzia Agosti au Septemba hadi karibu Aprili, Mida inapokea wageni kutoka mbali mno: vitwitwi wa kila aina waliozaliwa kaskazini mwa Urusi na Ulaya, na akina sululu wenye midomo mirefu iliyopinda. Lakini ndege ninayemwendea mimi ni yule mlakaa, mweupe mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu, mdomo mweusi mnene uliochongoka. Wataalamu humwita Dromas ardeola. Huyu anazalia kwenye fukwe za Oman, Ghuba, Bahari ya Shamu na Somalia, na tofauti na vitwitwi wenzake, hutaga yai ndani ya shimo alilolichimba mchangani. Kisha anashuka kuja kwetu.

Mtazame akiwinda. Anasimama kimya, shingo imerudi mabegani, kama mzee aliyesinzia barazani. Ghafla anakimbia hatua tatu nne, anasimama, anachoma tope. Kaa mdogo anamezwa mzima mzima. Kaa mkubwa anatikiswa na kupigwa mpaka miguu imtoke, ndipo aliwe. Na pembeni, mara nyingi, utaona ndege wa kijivujivu anayemfuata huku akilia bila kukoma. Huyo ni mtoto wake wa mwaka huo. Wamesafiri pamoja kuvuka bahari, mtoto anaruka vizuri kabisa, lakini bado anadai kulishwa, na mzazi bado anamlisha. Mimi sijawahi kuchoka kulitazama jambo hilo.

Hapo ndipo suala la umbali linapokuja, na nataka nilisisitize, maana nimeona makundi yakiharibu asubuhi nzima kwa sababu ya picha. Ndege aliyetulia anakula. Ndege aliyekuona anaacha kula, anainua kichwa, anaanza kutembea upande mwingine. Hiyo ndiyo ilani yake. Ukiendelea kusogea, ataruka, na akiruka mmoja wataruka mia. Machi na Aprili ni mbaya zaidi, kwa kuwa wakati huo wanajaza mafuta mwilini kwa safari ya kurudi kaskazini. Kila mara unapowarusha, wanatumia nguvu waliyokuwa wakiiweka akiba. Kwa hiyo ukiona vichwa vinainuka, weka kafi juu ya mapaja na uache kayaki isimame yenyewe. Kama mwongozaji wako ndiye anayewasogelea mno ili kukufurahisha, mwambie kwa upole kuwa umetosheka na hapo mlipo. Wengi wanasogea kwa kudhani wageni ndivyo wanavyotaka. Akijua hutaki, atafurahi kuliko wewe.

Namna ya kumpata mwongozaji mzuri: mpigie simu siku mbili tatu kabla, umuulize maswali matatu tu. Tutoke saa ngapi, na kwa nini? Mwezi huu kuna ndege gani? Tutakuwa kayaki ngapi? Anayeijua Mida atakupa saa kutokana na maji, na huenda akakuambia usije Jumamosi uliyopanga, uje Jumatatu. Huyo mshikilie. Anayesema wakati wowote ni sawa, mshukuru na umtafute mwingine. Kayaki zikizidi nne au tano, ninyi ni msafara wa harusi, na ndege watawasikia kabla ya kuwaona. Kuhusu bei, hubadilika kwa msimu na kwa mwenye chombo, kwa hiyo cha muhimu si kiasi tu bali kilichomo: uliza kama ada ya Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) imejumuishwa, kama jaketi la kuokolea ni lao, na mtakaa majini muda gani. Saa mbili na nusu zinatosha kwa anayeanza. Baada ya hapo mabega yanaanza kulalamika na macho hayaoni tena.

Na mamba? Mida si maji ya mamba wala viboko. Ndiyo sababu mtu wa mara ya kwanza namwelekeza hapa na si Ziwa Naivasha. Naivasha ni pazuri, furukombe wake hawana mfano, lakini viboko wamejaa, na kiboko aliyezama chini ya kayaki humwoni mpaka aibuke. Huko nenda na mtu anayejua kila kundi la viboko limelala wapi asubuhi hiyo, au panda boti kubwa. Vilevile Momella Ndogo, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ambako unapiga kafi huku nyati na twiga wako ukingoni na Mlima Meru umekuinamia: ni safari ya kukumbukwa, lakini ni maji ya viboko pia, na neno la mwongozaji huko halijadiliwi.

Hatari ya Mida ni nyingine. Ni jua, ni upepo, na ni maji kukukimbia. Upepo wa mchana, hasa kusi likivuma, unaweza kufanya njia ya kurudi iwe ndefu mara mbili ya ile ya kwenda. Na maji yakianza kupwa, yanatoka kwa kasi kwenye vijito. Mkikwama, usishuke. Tope la huko linameza mguu hadi gotini, na kwenye mizizi kuna chaza wenye kingo kali zinazochana ngozi kuliko kisu. Mwongozaji anajua pa kukanyaga, wewe hujui. Vaa viatu vya zamani vinavyofunga kisigino, wala usivae malapa, tope litayachukua moja baada ya jingine.

Nguo ziwe nyepesi na za kukauka haraka, mikono mirefu. Akina dada wanaovaa buibui, nawashauri suruali pana na shati refu, na mtandio mfupi uliofungwa vizuri nyuma. Kitambaa kingi kikilowa kina uzito, na kinasumbua mtu anapotaka kupanda tena kwenye chombo. Jaketi la kuokolea vaa ukiwa bado nchi kavu, lifunge vifungo vyote, kisha mwambie mwenzako alivute juu kwa mabega. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwako, dai jingine. Usione haya. Wengi wetu tumezaliwa hatua chache kutoka baharini na hatujui kuogelea, na hilo lisikuzuie kwenda, ila mwambie mwongozaji mapema, mbele ya wote, ili akupange kwenye kayaki ya watu wawili pamoja naye. Mzito akae nyuma.

Kupiga kafi utafundishwa pale pale ufukweni. Mimi nitaongeza moja: nguvu itoke kiunoni, mikono iongoze tu, na kafi liingie majini bila kishindo. Anayepiga maji kwa mikono peke yake huchoka kabla ya kufika kwenye mikoko ya kwanza, na vishindo vyake hufukuza kila kilicho mbele.

Darubini bebeni, hata moja kwa watu wawili, ifungwe shingoni kwa kamba fupi. Simu iwe kwenye mfuko maalumu usiopenya maji. Maji ya kunywa lita moja na nusu kila mtu.

Mkishaingia kwenye mikoko, mwombe mwongozaji apunguze mwendo. Watu hukimbilia ndege wakaiacha miti, na miti yenyewe ina mambo. Mkoko wenyewe, ule wa miguu mingi iliyopinda, umesimama majini. Mlilana uko mbele yake kuelekea bahari. Mkandaa uko nyuma, na wazee walichemsha magome yake kupata rangi. Kuna mchu, unaotoa mizizi yake juu ya tope kama penseli zilizosimamishwa. Chuma jani moja la mchu, uligeuze kwenye mwanga. Utaona vichembe vyeupe. Lilambe: ni chumvi. Mti unakunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Mtoto wa miaka minane akionja jani hilo, somo la mwaka mzima la sayansi limeingia.

Chini ya hapo, kwenye tope, kuna kaa dume wadogo wenye gando moja kubwa la rangi, wanalipunga hewani kuwaita majike. Kuna samaki wadogo wanaotoka majini na kuruka juu ya mizizi kwa mapezi. Kwenye njia kuu, ukiwa na bahati, kichwa cha kasa mchanga kinaibuka, kinavuta pumzi, kinazama. Usimfukuzie, ataibuka tena.

Wanaoweza kwenda jioni tu, si vibaya, hasa siku za bamvua ambapo maji yanajaa karibu saa kumi. Vitwitwi wataonekana kidogo, lakini kati ya Oktoba na Machi kuna keremkerem wekundu wanaokuja kulala kwenye mikoko jua linapozama. Wanafika makundi makundi, juu kabisa, kisha wanateremka. Mwambie mwongozaji mbaki mbali na miti wanayolala, na muwe mmeshajua njia ya kurudi kabla giza halijaingia, maana maji yatakuwa yanapwa.

Ukitoka Mombasa kwa matatu ya Malindi, shuka Mida au Gede kutegemea ulipoagizwa na mwongozaji, kisha tuktuk au boda. Chakula kipo Dabaso, kwenye mkahawa wa kikundi cha wanakijiji juu ya mikoko, wanaofuga kaa wenyewe. Pesa unayoacha pale inabaki pale.

Na ikiwa una mzee au mtoto mdogo asiyeweza kukaa kwenye kayaki, usiwaache hotelini. Kuna daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege ukingoni mwa uwanda. Kiingilio chake kinachangia karo za wanafunzi wa sekondari wanaotoka vijiji vinavyouzunguka msitu, kupitia mpango wa ASSETS wa A Rocha Kenya. Mzee akae kibandani saa mbili kabla ya maji kujaa, apewe darubini, nanyi muingie na kayaki. Kuna siku aliyekaa kibandani anawaona walakaa kwa karibu kuliko mliokwenda majini.