Mto ukijaa uulizwe upya: majibu ya barua zenu kuhusu boti za mpira na maji makali

Asalaam alaykum wasomaji wetu. Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za watu wanaoshuka mito kwa boti za mpira, zile za kujaza upepo, na barua zimekuja nyingi kweli, za vijana wetu walioko nje, za mabaharia, na za wazazi pia. Unguja na Pemba hatuna mto wa kufanyia mambo haya lakini watu wetu wanasafiri na huko wanakokwenda wanaalikwa, hivo naona bora tuzungumze wazi. Nimechagua barua chache.

Nahodha shikamoo. Mie mtoto wa Wete, niko masomoni Colorado, Marekani. Wenzangu wa chuo wanataka mwezi wa sita tushuke mto Arkansas kwa boti ya mpira, pale panapoitwa Royal Gorge, wanasema wakati ule theluji inayeyuka maji yanakuwa mengi na ndo raha yenyewe. Ati ni daraja la nne tu. Mie babaangu mvuvi na naogelea toka mdogo. Niende nisiende?

Marahaba mwanangu. Wewe ntakujibu kwa urefu mana suali lako limebeba masuali ya wengi.

Tuanze na hiyo "daraja la nne tu". Maji makali ya mtoni yanapimwa kwa madaraja sita, la kwanza ni maji yanayotembea tu na la sita ni pahala ambapo hata mabingwa wengi wanateremka kwenye boti wakapita kwa miguu ukingoni. Sasa watu wanalichukua daraja kama kitu kisichobadilika, na hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu jiwe ni lile lile lakini maji ya leo si ya wiki iliyopita, na pahala pa daraja la nne maji yakipanda panaweza kuwa daraja la tano bila mtu yeyote kubadilisha kilichoandikwa kwenye tangazo. Hivo usiulize daraja gani peke yake, uliza leo maji kiasi gani. Bahati nzuri huko uliko hilo halifichwi, mitoni kuna vipimo vinavyosoma maji usiku na mchana na unaangalia kwenye simu yako. Wao wanahesabu kwa futi za ujazo kwa sekunde, futi 35 na kidogo ndo mita moja ya ujazo, na mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima. Pale Royal Gorge kampuni zinashauriwa zisipitishe wageni maji yakifika futi 3,200, yani kama tani 90 za maji zinapita mbele yako kila sekunde. Na lile ni korongo jembamba, kuta za mawe huku na huku, maji hayana pa kutanukia, yanapanda juu na kasi inazidi. Kasi ikizidi mara mbili msukumo wa maji kwenye mwili wako unazidi mara nne, na hapo hakuna mwenye misuli.

Halafu angalia mto unapanda au unashuka. Theluji inayeyuka jua likiwa kali mchana, lakini maji yale yana safari ya masaa mengi toka mlimani, kwaiyo pahala pengine yanafika usiku, pengine asubuhi ya pili, unaweza kuona mto umetulia ukaingia na kumbe maji ya jana mchana bado yako njiani. Zikija siku kadhaa za joto mfululizo mto unapanda haraka, na mto unaopanda ndo unaong'oa miti ukingoni na kubeba magogo yaliyokuwa yamelala toka mwaka jana.

Hiyo miti mwanangu ndo naiogopa kuliko mawe. Mti ulioangukia mtoni unafanya kazi ya kifumbu, maji yanapita wewe unabaki, na msukumo ule ule niliokutajia unakubana hapo chini ya maji. Mto ukijaa unaingia mpaka kwenye vichaka, yale maji matulivu ya pembeni ulokuwa unategemea kukimbilia yanakuwa yamejaa matawi. Ukianguka ukaona unapelekwa kwenye mti na huna pa kukwepea, geuka kifudifudi, kichwa mbele, uogelee kwa nguvu kuufata ule mti halafu jirushe juu yake kwa kifua. Ukienda miguu mbele miguu inaingia chini na wewe unaifuata.

Pahala pengine kokote ni kinyume chake, unalala chali, miguu mbele, vidole vya miguu vinaonekana juu ya maji, ili jiwe likutane na nyayo zako na sio kichwa. Na usisimame. Hata maji yakiwa ya kiunoni usisimame kwenye mkondo, mguu ukibanwa kati ya mawe maji yanakulaza na hayakuachii, watu wamekufa kwenye maji ambayo kama yangekuwa hayatembei mtoto angecheza. Lakini mto ukiwa umejaa usikae chali muda mrefu ukisubiri patulie, mana maji yakiwa mengi poromoko moja linaungana na jengine na hapo katikati hapatulii, geuka uogelee kiupandeupande kuelekea ukingoni au kwenye boti mapema iwezekanavyo.

Sasa kuogelea kwako. Bahari ya Wete ina joto la nyuzi 25 mpaka 30 mwaka mzima, hayo maji unayoalikwa juzi tu yalikuwa theluji. Wanaofundisha uokozi wa maji ya baridi wanatoa hesabu rahisi: dakika moja, dakika kumi, saa moja. Dakika ya kwanza mwili unashtuka, unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka na kama mdomo uko ndani ya maji unavuta maji, kwaiyo dakika hiyo kazi yako ni kuinua kichwa na kupata pumzi tu. Kisha una kama dakika kumi ambazo mikono bado inakutii, kushika kamba, kupanda boti. Baada ya hapo vidole havifungi hata ukiwa muogeleaji wa namna gani, na ikifika kama saa moja baridi inaanza kukuzimisha wewe mwenyewe. Ndo mana wetisuti, ile nguo ya mpira ya kubana inayohifadhi joto la mwili majini, na laifujaketi, vyote viwili, na ndo mana haijalishi babaako mvuvi.

Na usifikiri boti kubwa inakusalimisha. Mwezi wa sita mwaka 1983 theluji ya milimani iliyeyuka kwa ghafla, bwawa la Glen Canyon likajaa mpaka ikabidi wafungulie maji kwa wingi mto Colorado, na kule chini kwenye hifadhi ya korongo la Grand Canyon, pahala panaitwa Crystal, maji yakipita juu ya mawe yakatengeneza shimo kubwa, yani maji yanaanguka chini halafu yanajikunja kurudi nyuma, na boti za mpira za injini zenye urefu wa kama mita 10 zilipinduliwa mule. Mtu mmoja alifariki. Wenye hifadhi wakaamuru abiria wote wateremke wapite kwa miguu, na uamuzi ule ulikuwa sahihi kabisa.

Kwa hiyo jibu langu. Kama mnakwenda na kampuni yenye leseni, maji yako chini ya kile kiwango na hayapandi, na mnapewa wetisuti, nenda mwanangu utafurahi. Kama wenzako wana boti yao na wanataka kushuka wenyewe mwezi wa sita bila muongozaji, usiende, na ukiweza wazuie na wao. Kwenye mto huohuo kuna Browns Canyon, kwa kawaida daraja la tatu, anzia hapo, au subiri mwezi wa nane maji yakishapungua. Theluji itakuja tena mwakani.

Kaka, mie naendesha boti ya wageni Nungwi, mkondo wa hapa naujua bamvua na maji mafu. Mwezi ujao nakwenda Jinja, Uganda, kuna jamaa zangu. Mto utanishinda kitu gani?

Kaka yangu, wewe una faida, jicho lako limeshazoea kusoma maji usoni ukajua chini kuna nini. Lakini jua tofauti hii: baharini wimbi linatembea na maji yanabaki pale pale, mtoni wimbi limesimama pale pale na maji ndo yanatembea. Lile wimbi unaloliona lipo kwa sababu ya jiwe chini yake na litakusubiri mpaka ufike. Tena mkondo wa Nungwi una saa zake, unakwenda unarudi, ukikosea unaweza kungoja maji yageuke, mto haugeuki.

Pia huendeshi. Unaiweka boti kiupande, mnavuta makafi kutoka kwenye hatari, mto ndo unaokupeleka. Na wote mnavuta pamoja kwa amri ya aliyekaa nyuma, usibishane nae hata kama nyumbani nahodha ni wewe. Ikitokea boti imebanwa ubavu kwenye jiwe watu wa bara mara nyingi wanaliogopa jiwe wanaegemea huku nyuma, boti inakula maji na kupinduka, wewe mtu wa ngalawa utakimbilia upande unaoinuka bila kuambiwa, na hivo ndivo inavotakiwa.

Jinja ni pazuri kuanzia. Nile inatoka ziwa Viktoria, na ziwa kubwa vile halipandi kwa mvua ya usiku mmoja, tena pale kwenye mlango wake kuna mabwawa ya umeme, hivo hakuna mshtuko wa mafuriko ya ghafla kama kwenye mito ya theluji, na maji yana joto. Ila usiwe na picha za zamani kichwani, bwawa la Bujagali lililomalizika 2012 lilizamisha maporomoko ya juu, na la Isimba la 2019 likazamisha mengine ya chini. Kilichobaki kiko katikati, upande wa Kalagala na Itanda, na ile sehemu mbaya ya Itanda boti za wageni zinabebwa mabegani, mnapita nchi kavu. Wakikwambia teremka, teremka.

Niko chuo kikuu, SUZA, mwaka wa pili. Kwani maji yakizidi ndo siku zote hatari inazidi?

Hapana, na suali zuri. Kuna mawe maji yakiwa mengi yanazama chini kabisa hata hayasikiki, na pahala palipokuwa pagumu panakuwa wimbi refu tu. Zambezi chini ya maporomoko ya Viktoria maji yanakuwa mengi zaidi kama mwezi wa nne hivi, basi kampuni zinaacha sehemu ya juu ya korongo zinaanzia chini, na mto ukizidi wanafunga kabisa. Wakati wa kushuka korongo lote na kukutana na mawimbi yake makali ni maji yakiwa machache, mwezi wa nane mpaka wa kumi na mbili. Lakini hata pale poromoko linapolainika, ukianguka kwenye maji mengi unachukuliwa mbali zaidi na pa kutokea ni pachache. Kwaiyo boti inaweza kuwa na siku rahisi na muogeleaji akawa na siku ngumu, kwenye mto huohuo, saa hiyohiyo.

Mwanangu, mie mama yako wa Mkoani. Kijana wangu anafanya kazi Nairobi, kaniambia mwezi wa nne anakwenda na wenzake kushuka mto huko Sagana. Sijalala. Nimuulize nini?

Shikamoo mama yangu. Mwezi wa nne ni masika, na mto ule, Tana, unakusanya maji ya mlima Kenya na milima ya Aberdare, mvua ikinyesha huko juu mto unapanda kwa masaa, na maji yanakuwa ya udongo hata jiwe halionekani. Sisemi umkataze. Mwambie aiulize kampuni: nani anaamua safari iahirishwe na wameshawahi kuahirisha kwa sababu ya maji? Akijibiwa kwamba wao hawaahirishi, arudi nyumbani. Sie watu wa visiwani tuliozika watu wa MV Skagit iliyozama karibu na Chumbe Julai 2012, upepo mkali na chombo kikatoka, tunajua kabisa uamuzi unatakiwa ufanywe wakati watu bado wamesimama nchi kavu.

Aulize tena boti ngapi zinashuka pamoja, boti moja peke yake kwenye mto uliojaa haifai mana ikipinduka hakuna wa kuwaokota, na kama kuna watu wa mitumbwi midogo ya kuokoa wanaotangulia na kungoja chini ya kila poromoko, na kila boti ina mfuko wa kamba ya kurushiwa mtu. Akishavaa laifujaketi mwenzake aishike mabegani aivute juu kwa nguvu, ikipanda mpaka masikioni haijakaza. Helmeti vilevile, na ifungwe kidevuni. Mama, ukimpata kwenye simu usimgombeze, mpe masuali hayo tu, vijana masuali ya kazi wanayajibu.

Dada wa Mwanakwerekwe hapa. Tuko wanawake sita tunataka kwenda Jinja, tutavaa vipi na stara zetu?

Inawezekana vizuri sana dada yangu. Buibui na kanga ziacheni hotelini, nguo yoyote inayopepea inabeba maji na inaweza kunasa kwenye kamba ya boti. Vaeni taiti ndefu na fulana ya kuogelea ya mikono mirefu, juu yake bukta pana ya kitambaa kisichonyonya maji, halafu laifujaketi inafunika kifua na mgongo. Mtandio uwe ule wa michezo unaovaliwa kichwani bila pini, mwembamba, uingie ndani ya helmeti bila kuifanya ilegee. Mkiwa sita mnajaza boti yenu wenyewe, hivo wakati wa kulipia ombeni mkae peke yenu, na muulize kama wana muongozaji mwanamke. Viatu viwe vya kufunga, ndara hazifiki mbali.