New Line Cinema iliishia wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mpenzi wa filamu za kutisha. Kwenye filamu za zamani naona New Line Cinema ikisimama peke yake, lakini kwenye The Conjuring ya 2013 naiona pamoja na Warner Bros. Kampuni ilikufa, iliuzwa au limebaki jina tu? — Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Iliuzwa 1994, ikamezwa 2008, na leo ni kitengo cha Warner.

Mwenyewe wa kwanza alikuwa Robert Shaye, msomi wa sheria, aliyeianzisha 1967 nyumbani kwake Manhattan. Wakati huo hakuwa akitengeneza filamu. Alizikodisha kwa vyuo. Mojawapo ni Reefer Madness ya 1936, filamu ya kuwatisha watu wasivute bangi, ambayo haikuwa tena na mwenye hakimiliki. Wanafunzi walijaa ukumbini kwenda kuicheka.

Mwaka 1984 ikaja A Nightmare on Elm Street, filamu ya kutisha ya muuaji aitwaye Freddy. Bajeti haikufika dola milioni 2. Marekani pekee iliingiza kama milioni 25. Hollywood wakaibatiza kampuni “nyumba aliyoijenga Freddy”. Mwaka 1990 wakasambaza Teenage Mutant Ninja Turtles. Enzi hizo nakodisha kanda Magomeni, na ya hao Ninja ilikuwa ikirudi mkanda umekunjamana kwa kurudishwa nyuma kila saa.

Ted Turner, tajiri aliyeanzisha CNN, akainunua 1994, na 1996 yeye na mali zake wakaingia Time Warner, kampuni mama ya Warner Bros. Hata hivyo Shaye na mwenzake Michael Lynne waliendelea kushika usukani.

Sasa sikiliza kuhusu haki za nje, maana kisa chote kiko hapo. Unawauzia wasambazaji wa nchi nyingine haki ya kuonyesha filamu kabla haijakamilika, fedha zao zinakusaidia kuitengeneza. Wewe wa Tanga unawajua wakulima wa Muheza wanaouza machungwa yakiwa bado mtini: hasara ikija inamkuta mnunuzi, na bei ikipanda faida ni yake pia.

Kwa njia hiyo Shaye alithubutu kuichukua The Lord of the Rings. Kampuni nyingine, Miramax, walitaka mwongozaji Peter Jackson aibane iwe filamu moja. Shaye akamwuliza kwa nini zisiwe tatu. Ya tatu, ya 2003, ilizoa Oscar 11.

Njia hiyo hiyo ikamponza. The Golden Compass ya 2007 iligharimu takriban dola milioni 180. Marekani ilipata kama milioni 70 tu, nje ikapata kama milioni 300, lakini haki za huko nje zilikwisha kuuzwa. Wengi husema filamu ile ilibuma. Mimi sikubali: iliuza vizuri, ila fedha ziliingia mifukoni mwa wengine.

Februari 2008 Time Warner wakaiingiza New Line ndani ya Warner Bros. Mamia ya wafanyakazi walipoteza kazi. Shaye na Lynne nao wakaondoka, wakafungua kampuni yao nyingine, Unique Features.