Mdogo wako na tibajeni: aanzie wapi akiwa Kisumu

Dada, umeuliza kama mdogo wako aliyemaliza digrii ya baolojia pale Maseno atafute masta ya tibajeni (kutibu ugonjwa kwa kurekebisha jeni) Uingereza sasa hivi, au asubiri kwanza. Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye maabara za majaribio ya dawa upande huu wa Kisumu na Siaya. Asubiri, ila asisubirie nyumbani.

Kilichomvuta nakijua. Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza duniani inayotumia CRISPR, yaani mbinu ya kukata na kuhariri jeni, na mojawapo ya magonjwa inayoyatibu ni selimundu (sikoseli), ambayo huku kwetu si mgeni. Seli shina za mgonjwa hutolewa, zikahaririwa maabarani ili mwili urudie kutengeneza himoglobini ile tuliyokuwa nayo tumboni mwa mama. Tamu kusikia. Lakini Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, na kabla ya kurudishiwa seli zake hupewa kemotherapi kali ya kusafisha uboho. Anayejua kuhariri jeni peke yake ameshika kipande kidogo tu cha kazi.

Kipande kikubwa ni kumfuatilia mtu. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, inashauri waliohaririwa jeni wafuatiliwe hadi miaka 15. Je, nani anaweza kumfuata mtu muda wote huo asimpoteze? Watu wa Kisian, kituo cha KEMRI karibu na Kisumu, wanaweza. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, imekuwa ikihesabu kaya za Asembo na Gem kule Siaya kwa miaka: nani kazaliwa, nani kaolewa kwingine, nani kafariki. Chanjo ya malaria ya RTS,S ilijaribiwa Siaya na Kombewa kabla ya watoto wetu kuanza kuchanjwa kliniki 2019. Ujuzi huo hafundishwi mtu darasani.

Kwa hiyo aombe nafasi kwenye maabara kama hizo. Akiingia, asitarajie CRISPR. Atafundishwa kuandika. Ukikosea kujaza joto la friza kwenye rejista, hufuti wala hupaki wino mweupe: unapiga mstari mmoja, kosa libaki likisomeka, unaandika tarakimu sahihi pembeni, kisha unatia sahihi na tarehe. Nimeona wenye masta wakikwama hapo. Na friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ikilia saa nane usiku kwa sababu stima imepotea, wa zamu ndiye anayekimbia kuona kama jenereta imeshika.

Kozi ya GCP, yaani kanuni za kuendesha majaribio ya dawa kwa watu, ipo mtandaoni bila malipo, aimalize mwezi huu. Ajifunze R pia, programu ya kuchambua takwimu. Halafu aombe kukaa pembeni wakati wa kuchukua ridhaa ya wanaoshiriki utafiti, amsikie mama akiuliza, “Damu ya mtoto wangu mnaipeleka wapi?” Akiweza kumjibu bila kuzungukazunguka, amekomaa kuliko wengi. Baada ya mwaka mmoja au miwili hivi, masta aombe, maana atakuwa na swali lake mwenyewe la utafiti, na wanaotoa ufadhili hulitambua swali la namna hiyo.

Kuhusu kujitolea bila mshahara: atachimenti ya miezi mitatu, sawa. Ikizidi hapo adai angalau nauli na chakula. Kuna mahali niliona wahitimu wakibebeshwa kazi ya mwajiriwa mwaka mzima kwa chai na barua ya shukrani, na barua yenyewe haikumpa hata mmoja wao kazi.