Dozi ya Jirani Itakuulia Mnyama

Paka wangu ana homa. Nimpe nusu ya Panadol? (Langoni, Lamu)

Usimpe hata robo. Swali hili nimelijibu mpaka nimechoka. Ini, tezi kubwa kuliko zote mwilini, ndilo linalovunja dawa. La paka lina upungufu wa kimeng'enya cha kuivunja hii, kwani jeni yake imeharibika katika ukoo wote wa paka, hata simba. Kama ulishampa, tazama ufizi. Ukigeuka rangi ya kahawa na uso ukavimba, mkimbize kwa daktari usiku huohuo.

Punda wangu wa kubebea mawe anachechemea. Nilisoma kuwa farasi hupewa fenilibutazoni, dawa ya maumivu, mara moja kwa siku, nikafuata. Mbona jioni maumivu yanarudi? (Matondoni)

Kwa sababu ulifuata ya farasi. Ini la punda huimaliza dawa hiyo upesi zaidi, hivyo mara nyingi huhitaji mara mbili kwa siku. Kiasi aamue daktari, maana ikizidi huleta vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Na sindano usidunge mwenyewe: dawa ikimwagika nje ya mshipa, nyama huoza. Hospitali ya punda iko mjini tangu 1987, mwatafuta nini dukani? Tena mpunguzie huo mzigo wa mawe.

Punda mweupe na wa kijivu, dozi mbalimbali?

La.

Dawa ya kupe ya ng'ombe nimnyunyizie punda?

Ikiwa na amitrazi, hapana. Utumbo hulala, kinyesi hukwama, punda hufa.

Natunza mbwa wa tajiri wangu hapa Shela, wa aina ya Collie. Ana upele. Nimpe ivermektini, dawa ya vimelea, kama koko wa mtaani?

Usithubutu. Collie wengi wamerithi kasoro ya jeni, iliyogunduliwa 2001, katika pampu inayozuia dawa isiingie ubongoni. Kiasi anachokistahimili koko chaweza kumlaza huyo asiamke.

Kondoo na mbuzi nawapa albendazoli, dawa ya minyoo, kwa kipimo kimoja. Kondoo wanapona, mbuzi wanakonda. Dawa ni feki? (Mpeketoni)

Si lazima. Mbuzi huivunja haraka kuliko kondoo, kwa hiyo kipimo cha kondoo humpita kabla minyoo haijafa. Inayobaki ni sugu, nayo huzaana malishoni mwenu nyote. Lakini usikurupuke kuongeza kila dawa: levamisoli, dawa nyingine ya minyoo, ikizidi, mbuzi hudondoka mate na kutetemeka. Mwenye mimba changa asipewe albendazoli kabisa. Na uzito pimeni kwa mizani, acheni kukisia kwa jicho.