Mbwa kamjeruhi mtetea, sasa wengine wanajikunyata: nianzie wapi?

SWALI

Shikamoo daktari. Nafuga kuku wa kienyeji na machotara, kama arobaini hivi, hapa Nzuguni, Dodoma. Wiki iliyopita mbwa asiye na mwenyewe aliingia uani akamkamata mtetea wangu mgongoni. Ngozi imechanika, kipande cha ukubwa wa kiganja kinaning'inia na nyama inaonekana. Akina mama wenzangu wa kikundi walikuja kunisaidia. Mmoja alimsafisha kwa mafuta ya taa akampaka majivu. Mwingine alinipa kapsuli za tetrasaiklini za binadamu nizifungue kwenye maji ya kuku wote. Wa tatu alitaka tumshone kwa uzi, nikakataa. Mtetea yu hai, anadonoa kidogo kidogo. Lakini tangu juzi wengine watatu wamejikunyata, wanahara kijani, na mmoja kafa leo asubuhi. Hao mbwa hakuwagusa. Je, kidonda kimewaambukiza? Yule mama wa mafuta ya taa ndiye mwenye uzoefu kwetu, ingawa na yeye alikuwa ametoka kupoteza kuku wake karibu wote. Nimwite tena?

— Mfugaji, Nzuguni

JIBU

Marahaba mama, na pole kwa yote mawili. Maana ni mambo mawili, na ukiyachanganya utapoteza banda zima ukiwa umeinamia mgongo wa kuku mmoja. Kidonda cha mbwa hakiwezi kumharisha kijani kuku mwingine. Kilichonishtua kwenye barua yako ni ile sentensi uliyoiandika kama kwa kupita: kwamba mwenzako alitoka kwenye banda la vifo akaja moja kwa moja kumshika mtetea wako.

Simlaumu. Virusi vya kideri, yaani mdondo, havihitaji mtu mbaya. Vinahitaji kinyesi kidogo tu kwenye soli ya kandambili, au mikono iliyozika kuku asubuhi na kushika mwingine mchana. Kuku akishavipata, dalili hujitokeza mara nyingi baada ya siku tano au sita, ingawa zinaweza kuwahi siku ya pili au kuchelewa hadi wiki mbili. Hesabu yako inaingia humo humo. Inawezekana pia vimekuja na jogoo wa mnadani, na tenga la kuazima, au na kuku wa jirani wanaochakura uani kwako. Kwa leo hilo tuliache.

Je, ni kideri kweli? Kuhara kijani peke yake hakutoshi kusema hivyo. Kuku yeyote aliyekaa bila kula hutoa kinyesi kijani kwa sababu nyongo inapita utumboni bila chakula. Taifodi na kipindupindu cha kuku navyo huleta kinyesi cha kijani au cha manjano. Kinachonielekeza kwenye kideri ni mwendo wake: watatu kwa mpigo, mmoja kafa ndani ya siku mbili, na mlipuko kwa mwenzako. Waangalie jioni hii wakiwa wametulia. Kuna anayehema mdomo wazi, shingo imepinda hadi kichwa kinageukia mgongoni, bawa au mguu umelegea? Ukiona hayo, shaka inapungua sana. Ila usipasue mzoga nyumbani kutafuta uhakika, kwa sababu vifo vya ghafla vinaweza pia kuwa vya mafua makali ya ndege, na hayo si ya kuchezea jikoni. Hata kideri chenyewe humpa mtu macho mekundu yanayowasha kwa siku kadhaa akijipangusa na mkono mchafu.

Kwa hiyo leo, kabla ya mtetea: wagonjwa wawili waliobaki watoe wakae mbali, upande ambao upepo hautoki kwao kuelekea bandani. Na Dodoma upepo tunaujua, vumbi la banda moja linaishia kwa jirani wa tatu. Wazima wafungie ndani wasitembee mtaani. Mzoga uufunge kwenye mifuko miwili ya plastiki, uuweke kwenye ndoo yenye barafu, kisha umpigie afisa mifugo wa kata. Yeye atajua namna ya kuufikisha maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, na mzoga wa leo uliopoozwa una majibu zaidi kuliko wa jana uliolala juani. Taarifa hiyo si hisani. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inakutaka uitoe unaposhuku ugonjwa wa mlipuko. Watakaokufa baada ya hapo wazike kwa kina ambacho mbwa hafukui. Tafadhali usiwatupe korongoni. Nimeona makorongo ya pembezoni mwa mji yakigeuka jalala la mizoga kila kiangazi, na mbwa wale wale wanaokujeruhia kuku ndio wanaoisambaza.

Na usiuze. Najua ushauri utakaoupata mtaani: wapeleke soko la Majengo haraka wangali wanasimama, uokoe hata hela ya pumba. Kuku wa hivyo akinunuliwa akafika Chamwino au Bahi jioni, kesho kutwa kuna mama mwingine anaandika barua kama yako.

Zile kapsuli acha leo. Tetrasaiklini haiui virusi. Hata kama ungekuwa ugonjwa wa bakteria, kapsuli iliyofunguliwa kwenye ndoo haina kipimo. Kuku mwenye kiu anakunywa dozi ya watatu, na mgonjwa asiyekunywa hapati kitu. Zaidi ya hayo, dawa za kundi hili hushikana na madini ya chokaa, na chakula cha kuku wa mayai kimejaa chokaa, hivyo nyingi yake inapita bure. Haipiti bure kwenye mayai, lakini. Mayai ya siku zote ulizowapa hiyo dawa, na ya wiki moja baada yake angalau, usile wala usiuze. Afisa akithibitisha taifodi, atakuandikia dawa ya kuku yenye kipimo cha kuku na siku za kusubiri.

Sasa mtetea. Kwa kuwa anadonoa, ana nafasi nzuri; ngozi ya kuku inaziba maajabu, na madonda ya mgongo yanayotisha kwa macho hupona bila kushonwa. Ulifanya vizuri kukataa uzi. Jeraha la meno ya mbwa ni chafu tangu dakika ya kwanza, na ukilifunga unaufungia uchafu ndani. Isitoshe usaha wa kuku hautiririki kama wetu. Unaganda ukawa donge gumu la manjano, halikamuliki wala halitoki lenyewe, na kuku anaweza kukaa nalo chini ya ngozi iliyofungwa vizuri huku anakonda.

Mafuta ya taa yanaunguza nyama hai, kwa hiyo usirudie. Majivu yanakausha juu na kuacha mchanga na magadi chini. Yaondoe hivi: chemsha maji, yapooze yawe vuguvugu, tia kijiko kidogo cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwa kila nusu lita. Vaa glavu. Hili nalisisitiza kwa sababu ya mbwa, si kwa sababu ya kuku. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa wanyama wanyonyeshao na kuku wako hatakupa, ila siku ile mate ya mbwa yalikuwa mabichi kwenye manyoya na mmemshika watu watatu. Kama yupo aliyekuwa na mchubuko mkononi, na mbwa mwenyewe hajulikani alikotoka wala kama kachanjwa, aende kituo cha afya aeleze hivyo hivyo. Asisubiri.

Kabla hujamwaga maji, mshike atulie umtazame anavyopumua. Kuku ana vifuko vya hewa vilivyotanda mwilini hadi karibu na mgongo, na jino la mbwa linaweza kuvifikia. Ukiona povu dogo likitoka kwenye tundu la kidonda kila anapovuta pumzi, usimwagie maji kabisa, yataingia humo na kumzamisha. Huyo futa pembeni tu kwa kitambaa chenye unyevu, umwachie mtaalamu. Kama hakuna povu, mwagia taratibu kwa sindano isiyo na ncha mpaka majivu yote yatoke. Manyoya yanayozunguka kidonda yakate kwa mkasi; usiyang'oe, maana yanatoka na ngozi. Tafuta na matundu madogo ubavuni, upande wa pili wa mdomo wa mbwa. Watu huishia kwenye mchaniko mkubwa wakaacha tundu moja dogo chini ya bawa, na ndilo linalooza. Kile kipande kinachoning'inia, kama bado ni laini na kina rangi ya ngozi, kirudishe mahali pake kijilaze. Kama kimeshakauka na kuwa cheusi, kimekufa, afisa akikate. Kama kuna mabuu ya nzi, watoe mmoja mmoja kwa kibano. Wakibaki wawili chini ya ngozi, kesho una kazi ile ile.

Halafu iodini ya dukani, ile ya povidoni, ipunguze kwa maji yaliyochemshwa hadi ifanane na chai ya rangi isiyokolea, ipake asubuhi na jioni. Nyekundu ya kidonda inawaita kuku wengine wadonoe, na hicho ndicho kinachoua majeruhi wengi kuliko mbwa mwenyewe. Kwa hiyo akae peke yake: boksi lenye maranda makavu, chandarua juu kuzuia nzi, mahali penye kivuli mchana na pasipo baridi usiku. Siku anazosinzia mpe maji ya sukari na chumvi, lita moja kwa vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Akichangamka mrudishe kwenye maji ya kawaida. Chakula kiwe laini chenye nguvu; pumba iliyolowekwa na mashudu ya alizeti, ambayo kanda yetu hayakosekani, na dagaa wa kusaga kidogo.

Mhudumie yeye baada ya wazima, na wagonjwa wa mwisho kabisa. Ukigeuza mpangilio huo, utambebea kideri kwa mikono yako mwenyewe.

Umeuliza kama umwite tena yule mama. Mwite kwa simu. Uzoefu wake unauhitaji, miguu yake hapana, mpaka wiki kadhaa zipite tangu kifo cha mwisho cha kuku bandani kwake na banda hilo lisafishwe. Na sasa wewe pia uko kwenye orodha hiyo, usiende kumsaidia mtu. Kwa siku za kawaida kikundi chenu kiwe na utaratibu mmoja ambao ni rahisi mno kiasi kwamba watu huudharau: kila banda liwe na kandambili zake mlangoni, mgeni avue zake azivae hizo, anawe kwa sabuni kabla na baada. Beseni la dawa ya klorini peke yake halisaidii kama soli imejaa kinyesi. Sugua kwa brashi na sabuni kwanza, dawa baadaye.

Pale kikundi kinapofaa kuliko mganga yeyote ni kwenye chanjo. Chupa ya chanjo ya kideri ya I-2, inayotengenezwa na TVLA kule Kibaha, ina dozi za kuku mamia. Mwenye kuku kumi na tano anaiona ghali, anaacha, na banda lake ndilo linalowasha moto mtaani. Changeni chupa moja, mchanje nyumba kwa nyumba siku moja, mtu anayezunguka akiwa amenawa na kubadili viatu kila uani. Ni tone moja kwenye jicho moja, kifaranga na jogoo sawa. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ila kuvumilia si kuianika dirishani. Ifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, kivulini. Rudieni kila baada ya miezi mitatu. Kwa Dodoma mimi hupenda kuanzia siku za Nane Nane, na kwenu viwanja viko jirani kwa hiyo hamtasahau, ili Septemba hadi Novemba, pale kideri kinapochachamaa kabla ya mvua, kikute kuku wana kinga. Kisha Novemba, Februari na Mei.

Kuku wako walio wazima leo wasichanjwe kwa kubahatisha. Chanjo haimwokoi aliyekwisha kubeba virusi, na kinga huchukua wiki moja hadi mbili kujengeka. Afisa akishaona hali ataamua kama inafaa kwako. Majirani ambao bado hawajapata kifo cha kuku ndio waharakishe, wiki hii hii. Mtetea wako asubiri tone lake mpaka kidonda kiwe kimefunga na anakula kama zamani. Siku hiyo mrudishe bandani, kwanza siku chache nyuma ya wavu wamwone, halafu umwingize usiku wakiwa wamepanda kichanjani.