Barua kwa mwanangu aliyeko Pune, kuhusu vijana na dawa za Ayurveda

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unaniuliza nani yuko sahihi kati ya wenzako wawili mnaosoma nao famasia huko India: yule anayeicheka Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kuwa ni mambo ya mabibi, au yule anayemeza vidonge vya mmea wa ashwagandha kila usiku kwa kuwa ni dawa ya asili na kwa hiyo, kwa imani yake, haiwezi kumdhuru. Mimi naona kosa lao ni moja. Hakuna aliyeuliza dawa hiyo ni ipi, inatibu nini, na nani ameipima.

Huyo anayecheka mwulize kama amesoma habari za sarpagandha, mmea ambao matabibu wa Ayurveda waliutumia tangu zamani kuwatuliza wenye wazimu. Mwaka 1949 daktari wa Bombay, Rustom Jal Vakil, alichapisha katika jarida la kitabibu la Uingereza matokeo ya kuwatibu kwa mmea huo wagonjwa wa shinikizo la damu, na mwaka 1952 wanakemia wa Uswisi wakapata ndani yake reserpini, ambayo ikawa miongoni mwa dawa za mwanzo zilizoweza kulishusha shinikizo hilo. Ukimweleza hayo, usimfiche yaliyofuata: reserpini ilipoenea, madaktari waliripoti wagonjwa waliopatwa na sonona.

Mwenye vidonge ndiye anayenitia wasiwasi zaidi. Bibi yake, kwa jinsi ulivyonisimulia, alikwenda kwa vaidya, yaani tabibu wa Ayurveda, akapimwa mapigo ya mshipa, akaulizwa analala vipi na anakula nini, kisha akapewa dawa pamoja na miiko ya chakula. Mjukuu amechukua chupa, hayo mengine kayaacha. Sitetei nadharia yao ya nguvu tatu za mwili, vata, pitta na kapha, maana sijaona inavyothibitika. Nasema tu kwamba bibi alikuwa na mtu wa kumfuatilia, naye hana. Mwaka 2004 watafiti wa Boston walitangaza kwamba katika dawa 70 za Ayurveda walizonunua madukani, 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Si kila mara madini hayo huingia kwa uchafu, kwani liko tawi la Ayurveda, rasa shastra, linaloyachoma na kuyasaga kwa makusudi likiamini kuwa sumu yake imekwisha. Ashwagandha nayo imehusishwa na madhara ya ini kwa baadhi ya watumiaji, na Denmark iliipiga marufuku mwaka 2023.

(Wala usiwacheke wale wa shahada ya Ayurveda kwamba walikosa alama za udaktari. Miaka minne na nusu ya masomo na mmoja wa mazoezi si mchezo, na maswali yako mengi wao watayajibu vizuri kuliko mimi niliyeko Tanga nikiuza dawa.)

Mwenzako akiona macho yanageuka manjano au mkojo unakuwa mweusi, aache vidonge siku hiyohiyo na aende hospitali akapimwe ini. Kwa sasa, mwombe ile chupa, piga picha maandishi ya nyuma, yale madogo hasa, unitumie. Uniandikie pia kama kuna dawa nyingine anayotumia, maana hilo hukulitaja.

Mama yako